JIONI MOJA KIJIWENI SIRARI



Hapana nyumba leo katika nchi yetu isiyoguswa na pikipiki. Ikiwa si mwana aliye dereva, basi ni binti aipandaye kwenda chuoni, au mama mjamzito aliyefikishwa hospitali usiku wa manane, au jirani aliyelala kitandani na mguu uliovunjika. Walakini wengi wetu twamjua mwendesha bodaboda kwa mgongo wake tu. Twapanda nyuma yake, twamlipa, twashuka, kisha twamsema. Nami nilikuwa mmoja katika hao, mpaka Ijumaa moja nilipokaa nao kijiweni Sirari tangu baada ya Alasiri hata kukaribia Magharibi. Niliyoyaona na kuyasikia huko nimeona si haki kuyafungia moyoni mwangu peke yangu.

SABABU YA SAFARI

Dada yangu aliolewa Sirari zamani, na mumewe amekwisha kutangulia mbele ya haki. Ana mtoto wa kiume wa miaka kumi na tisa. Wiki moja kabla ya safari yangu alinipigia simu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia.

"Kaka," alisema, "huyu mwanao ameniacha sina la kufanya. Ameacha kazi dukani kwa baba yake mdogo, sasa kutwa nzima yuko kijiweni na watu wa pikipiki. Mimi mwanamke, nikienda kumtoa huko atachekwa. Njoo wewe, ndiwe mjomba wake."

Nilimwambia nitakuja, na moyoni nilikuwa nimekwisha kutoa hukumu. Kijiwe, kwa fikira zangu, kilikuwa mahali pa wavivu, mahali pa matusi na moshi, ambapo mtoto wa watu huingia akiwa mzima akatoka kaharibika. Nilipanga maneno makali njia nzima.

Nilitoka Musoma asubuhi kwa basi. Barabara ni ya lami. Yavuka Mto Mara kwenye daraja la Kirumi, kisha yapanda kuelekea Tarime, ambako hewa hubadilika ikawa ya baridi, na migomba na mahindi huonekana vilimani. Kutoka Tarime mpaka Sirari si mbali. Nilisali Ijumaa huko, nikala kwa dada yangu, na baada ya Alasiri nikaondoka kwa miguu kwenda kukitafuta hicho kijiwe.

MJI WA MPAKANI

Sirari ni mji wa Wilaya ya Tarime, Mkoa wa Mara, na ng'ambo yake ni Isebania, katika Kaunti ya Migori nchini Kenya. Mgeni asiyeambiwa aweza kudhani kuwa ni mji mmoja. Wakurya wako pande zote mbili, huoana na kuzikana, na sokoni shilingi za nchi mbili huingia katika mfuko mmoja. Mpaka wenyewe haukuwekwa na wenyeji. Waingereza na Wajerumani walipatana mwaka 1886 juu ya mstari utokao pwani, uzungukao Kilimanjaro, hata ufike Ziwa Viktoria kwenye digrii moja kusini ya ikweta, na mwaka 1890 wakauthibitisha. Watu waliolala ndugu wakaamka raia wa dola mbili. Siku hizi pana kituo cha pamoja cha mpakani, ambapo maofisa wa nchi hizi mbili hufanya kazi mahali pamoja, msafiri akamaliza shughuli ya kutoka na ya kuingia kwa mara moja.

Katika mji kama huu pikipiki si anasa. Abiria ashukaye basi na furushi lake hupakiwa mpaka kituoni, huvuka kwa miguu, na upande wa pili hupanda nyingine. Upande wetu namba za pikipiki huanza kwa herufi MC, na upande wa Kenya kwa KM. Hiyo ndiyo tofauti ya kwanza ambayo jicho huiona.

Na mahali kama hapa ndipo neno bodaboda lilipozaliwa, ingawa halikuzaliwa Sirari. Lilizaliwa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960. Vijana wenye baiskeli walikuwa wakiwavusha watu na mizigo yao katika kile kipande cha njia kilicho kati ya vituo viwili vya mpaka, wakinadi "Boda! Boda!", yaani kutoka mpaka hata mpaka. Baadaye baiskeli ziliipisha pikipiki, lakini neno likabaki, likaenea mpaka vijiji ambavyo havijapata kuuona mpaka wo wote.

Chombo chenyewe hakina umri mrefu. Mwaka 1885, huko Ujerumani, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach walitia injini ya petroli katika chombo cha mbao chenye magurudumu mawili makubwa, na mengine mawili madogo ubavuni yakizuia kisianguke. Mwaka 1946 Italia ikatoa Vespa, na mwaka 1958 Japani ikatoa Honda Super Cub. Leo zilizo nyingi katika barabara zetu ni za India na China, kama Boxer, TVS na SanLG. Watu wetu hawakuhangaika kutafuta jina. Walisikiliza mlio wake, wakaiita pikipiki.

KIJIWENI

Nilikiona kijiwe kando ya barabara kuu, chini ya mti wenye kivuli kipana. Pikipiki kama kumi na tano zilikuwa zimepangwa safu moja, pua zote zikitazama njiani. Pembeni mama mmoja alikuwa akiuza chai ya maziwa na maandazi. Vijana wengine waliketi juu ya mawe, wengine juu ya matairi makuukuu, na wengine juu ya viti vya pikipiki zao.

Mpwa wangu aliponiona alisimama upesi.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba."

Hakukimbia wala hakuinamisha kichwa. Aligeuka akawaambia wenzake, "Huyu ndiye mjomba wangu wa Musoma." Nao wote wakasimama wakanipa shikamoo mmoja baada ya mwingine. Mmoja akaondoka juu ya jiwe lake, akalipangusa kwa kitambaa, akanikaribisha. Mwingine akanunua chai bila ya kuniuliza. Ndugu msomaji, maneno makali niliyoyapanga tangu Musoma yakawa hayana pa kutokea.

Mkubwa wao ni mtu wa miaka arobaini na mitano hivi, Mkurya na Mkristo, nao humwita Mwenyekiti. Aliniambia kuwa kila Ijumaa jioni, kazi ipungukapo kidogo kabla ya mabasi ya usiku, huketi pamoja kwa saa moja au mbili. Si mkutano wa agenda. Huzungumza, hunywa chai, hutazamana vyombo, na mwenye shida huisema.

Niliwahi kusoma habari za mkahawa mmoja wa London uitwao Ace Cafe, uliofunguliwa mwaka 1938, ukafungwa mwaka 1969, na ukafunguliwa tena mwaka 2001. Huko waendesha pikipiki hukusanyika kwa starehe tu, wakanywa chai na kusifiana vyombo. Nilidhani hayo ni mambo ya watu wenye nafasi. Hapa Sirari niliona mapenzi yale yale ya chombo, kwa watu ambao chombo hicho ndicho chakula chao.

Kijana mmoja alikuwa amelaza pikipiki yake upande, mzee mmoja akimwonyesha cheni. "Ikilegea mno, mura, itaruka kwenye meno," alimwambia. "Ukiikaza mno itakatika ukiwa na mtu mgongoni. Acha nafasi ya vidole viwili." Wawili walikuwa wakishindana kama mvua inyeshapo heri kutumia breki ya mbele au ya nyuma. Yule mzee akawaamua, akasema kuwa ya mbele ndiyo yenye nguvu, lakini nguvu hiyo hiyo humwangusha mtu aibanaye ghafula penye matope; hivyo zitumike zote mbili, polepole, tena mapema.

Nami ulimi wangu ukawasha. Nikawaambia kuwa ujanani mwangu, nilipokuwa Tanga, nilikuwa na Vespa, iliyokuwa ikinywa petroli iliyochanganywa na oili, na moshi wake ulitangulia kufika kuliko mimi. Walicheka sana. Mmoja akasema, "Kumbe, mzee, wewe ni dereva mwenzetu!" Tangu hapo sikuwa tena mgeni aliyekuja kumtoa mtoto wa watu, nilikuwa mtu wa barazani.

SHERIA ZAO

Mwenyekiti alinionyesha daftari. Kila dereva ana namba yake na zamu yake; abiria ajapo humchukua aliye mbele, asije mtu akanyang'anywa abiria wake. Kila mmoja hutoa shilingi elfu moja kwa siku, zikawekwa kwa ugonjwa, msiba na matengenezo. Mlevi hapewi zamu siku hiyo. Kupakia mishikaki, yaani abiria wawili au watatu kwa mpigo, ni kosa lenye faini. Na sharti la mwisho lilikuwa limepigwa mstari chini yake: hakuna kupokea gunia usilolijua.

Niliuliza maana ya sharti hilo. Wakatazamana. Kisha mmoja wao akanieleza kuwa mpakani hapa mtu aweza kukujia usiku, akakupa gunia lililoshonwa, akakwambia ulipeleke mahali fulani kwa njia ya panya, na ujira wake ni mara tano au sita ya ule wa kawaida. Huenda likawa na sukari isiyolipiwa ushuru, huenda ni mirungi au bangi. Likikamatwa, mwenye gunia hayupo. Aliyepo ni wewe na pikipiki isiyo yako. "Fedha ile huinunua miaka yako," alisema.

Nikamgeukia mpwa wangu. "Na wewe umekwisha kubeba?"

"Mjomba," alijibu, "mimi hawa hawajaniruhusu hata kumbeba abiria. Wamesema mpaka nipate leseni. Siku zote hizi naosha pikipiki na kujifunza ufundi. Mama haniulizi, yeye hulia tu."

Nikanyamaza. Mtoto tuliyedhani amepotea alikuwa amezuiliwa na watu wale wale tuliodhani wamempoteza.

HABARI YA MGONJWA

Yapata saa kumi na moja na nusu mazungumzo yalibadilika. Alikuja mtu mzima amevaa kanzu, akatoa salamu, akapewa nafasi. Nilimtambua, tulikuwa naye msikitini mchana. Yeye ni mfanyabiashara mdogo wa pale, na ndiye mwenye pikipiki ya mmoja wao ambaye hakuwapo.

Huyo asiyekuwapo alikuwa amelala hospitali kwa muda wa wiki tatu. Jioni moja alivunja sharti la mishikaki: aliwapakia mabibi wawili waliotoka sokoni, na kofia ngumu ya abiria ilikuwa moja tu. Giza lilikuwa likiingia. Ng'ombe akakatiza njia, naye katika kumkwepa wakaanguka wote watatu. Dereva alivunjika mguu. Bibi aliyevaa kofia alichubuka mikono tu. Yule asiyekuwa na kofia alikaa siku mbili bila ya kujitambua, kisha Mwenyezi Mungu akamjaalia kurudi. Hapana aliyemtetea dereva kwa kosa lile. Mwenyekiti alisema wazi kuwa faini yake iko palepale, na kwamba akipona atakwenda mwenyewe kuwaomba radhi wale mabibi.

Neno lililowakutanisha lilikuwa lingine, nalo ni mkataba.

Wasomaji wengi waujua mkataba wa pikipiki, kwani nyumba nyingi za Kiislamu zimeweka akiba yao humo. Mwenye fedha hununua pikipiki, akampa kijana. Kijana hulipa hesabu ya kila siku kwa muda wa mwaka au zaidi, na muda ukiisha pikipiki huwa yake. Huyu kijana alikuwa akilipa shilingi 10,000 kwa siku 365, yaani jumla ya shilingi 3,650,000, kwa pikipiki iliyonunuliwa kwa 2,800,000. Alikuwa amekwisha kulipa siku 290, sawa na shilingi 2,900,000. Zilikuwa zimebaki siku sabini na tano. Lakini karatasi ilisema kuwa dereva akikaa siku saba bila ya kuleta hesabu, pikipiki hurudi kwa mwenyewe, na alichokwisha kulipa kimekwenda.

Yule bwana hakuwa mtu mbaya. Alisema kwa upole, "Mimi namhurumia. Lakini mkataba ni mkataba, na Muislamu hufungwa na sharti alilolikubali. Nami pia nadaiwa; fedha ya kununulia niliikopa."

Mwenyekiti akafikiri, kisha akasema, "Mzee wangu, mimi si wa dini yako, nami sitaki kukufundisha. Nauliza tu. Pikipiki ilipoharibika kopo la injini mwezi wa tano, ulimwambia aitengeneze yeye, kwa kuwa anainunua. Leo ameshindwa kulipa, unamwambia airudishe, kwa kuwa alikuwa ameikodi. Sasa zile siku mia mbili na tisini alikuwa mnunuzi au mkodishwaji? Kama alikuwa akikodi, matengenezo yalikuwa juu yako. Kama alikuwa akinunua, basi amekwisha kulipa zaidi ya bei uliyoinunulia, na chombo hakiwezi kupotea chote kwa siku saba za kitandani."

Hapana aliyejibu. Lori lilipita, vumbi likatua juu ya vikombe, na bado hapana aliyejibu.

Ndugu msomaji, sasa yanipasa kusema jambo nililolificha tangu mwanzo. Mimi nami nina pikipiki ya mkataba huko Musoma. Kijana anaiendesha, na kila jioni hesabu yake huingia katika simu yangu. Karatasi yetu ina neno lile lile la siku saba. Sikupata kumwuliza kijana yule kama ana kofia ya abiria, wala kama ana bima, wala anakaa na nani. Siku aliyochelewa nilimpigia simu kumwuliza fedha, sikumwuliza hali. Nami nilikuwa nimesafiri mpaka Sirari kuwahukumu watu wa kijiweni.

Mwenyekiti akanigeukia. "Mzee, wewe ni mgeni na mtu mzima. Unaonaje?"

Nilitamani mtu mwingine aulizwe. Lakini nikasema niliyoyajua. Nikasema kwamba katika dini yetu sharti huheshimiwa, naam, ila sharti lililo wazi. Na kuchanganya mauzo na kukodisha katika karatasi moja, bila ya kujulikana ni lipi katika hayo mawili, ni jambo ambalo wanavyuoni wamelitahadharisha kwa muda mrefu, kwani ugomvi hutokea humo. Nikasema pia kwamba Qur'ani, katika Sura ya Al-Baqara, yaamrisha mdaiwa aliye katika dhiki apewe muhula mpaka apate nafasi, na kusamehe ni bora zaidi. Kisha nikawaambia, "Nami nina karatasi kama hii nyumbani. Nikirudi nitaiandika upya."

Yule bwana alinitazama kwa muda. Kisha akauliza, "Utaandikaje?"

Tukaketi tukaandika pale pale, nyuma ya karatasi ya daftari. Siku za kitandani zisihesabiwe. Mtu akishindwa kabisa, pikipiki iuzwe, na kila mmoja apate kwa kadiri ya alichotoa. Matengenezo makubwa wagawane nusu kwa nusu. Kofia mbili na bima ziwe ndani ya bei tangu siku ya kwanza. Ilitengenezwa hesabu ya kuinyosha ile pikipiki, ikawa shilingi 180,000. Mfuko wa kijiwe ukachukua nusu, mwenye chombo nusu. Ikakubaliwa kuwa dereva mwingine mwenye leseni ataiendesha mpaka mgonjwa apone: sehemu ya mapato iende katika zile siku sabini na tano, na sehemu kwa mke wa mgonjwa. Yule bwana alitia sahihi, akasema, "Nitamweleza aliyenikopesha. Huenda naye akanivumilia."

Sijui kama aliyemkopesha alimvumilia. Lakini niliona uso wa mtu aliyetua mzigo.

HAKI YA NJIA

Nilipokuwa nikirudi kwa dada yangu nilikumbuka mafundisho ya Mtume wetu (s.a.w.) juu ya watu wakaao njiani. Aliwatahadharisha Masahaba na vikao vya barabarani. Walipomweleza kuwa hawana budi navyo, aliwaambia kuwa basi waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kuzuia udhia, kujibu salamu, kuamrisha mema na kukataza mabaya. Tumezoea kuyasoma hayo kwa ajili ya vijana wa kijiweni. Mimi jioni ile niliona kuwa kijiwe kile, chenye Waislamu na Wakristo, kilikuwa kikiizingatia haki ya njia kuliko mimi niliyekaa nyumbani nikingoja hesabu.

Na udhia wa njia si jambo dogo. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 yasema kuwa watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka katika ajali za barabarani ulimwenguni, na karibu asilimia 30 yao ni wa vyombo vya magurudumu mawili na matatu. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, ajali ndiyo iuayo kuliko maradhi yo yote. Na wataalamu waliokusanya tafiti za nchi nyingi waliona kuwa kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Wale mabibi wawili wa Sirari walianguka pamoja, kutoka chombo kimoja, penye njia moja. Tofauti yao ilikuwa ni kofia.

Basi naomba tushauriane.

Wazazi, msimhukumu mtoto kwa kusikia. Nendeni kijiweni mkakae, mnywe chai, mjue nani mkubwa wao na zipi sheria zao. Ikiwa kijiwe hakina mkubwa wala sheria, mtoeni mtoto. Ikiwa kinavyo, msaidieni apate mafunzo na leseni kwanza.

Vijana, leseni si karatasi ya kumwonyesha askari. Ni ushahidi kwamba mama wa mwenzio aweza kukaa mgongoni mwako. Semeni dua ya kupanda chombo, kisha mvae kofia, na mwogope gunia msilolijua kama mwogopavyo nyoka.

Abiria, hasa akina mama na mabinti, msikubali kupanda wawili kwa kuwa nauli itapungua. Ombeni kofia, na mkiambiwa hakuna, ngojeni pikipiki nyingine. Dereva aambiwaye hivyo na abiria watatu kwa siku ataitafuta kofia ya pili kabla ya jua kuchwa.

Na sisi tunaomiliki vyombo, tukumbuke kuwa aliye juu ya pikipiki ni mtoto wa mtu. Tusome karatasi zetu usiku huu. Tujiulize: kijana huyu akivunjika mguu kesho, karatasi hii itamfanyia nini? Jibu likitutia haya, tulirekebishe kabla haya hiyo haijafika mbele ya Mwenyezi Mungu.

Dada yangu alikuwa akiningoja mlangoni. "Umemtoa?" akaniuliza.

Nikamwambia, "Sikumtoa. Nimekubaliana naye kuwa nitalipa nusu ya gharama ya mafunzo na leseni, nusu ataitafuta mwenyewe kwa kazi ya ufundi. Na kila Ijumaa jioni wewe utampelekea mama wa chai pale kijiweni maandazi ya kuuza, upate kukiona kijiwe kwa macho yako."

Alikaa kimya, kisha akasema, "Maandazi yangu ni makubwa kuliko ya yule mama." Nikajua kuwa amekubali.

Nilirudi Musoma Jumapili. Jumatatu nilimwita yule kijana wangu nyumbani, si kwa simu. Nilimpa karatasi mpya aisome, na kofia ya pili. Aliisoma mara mbili, akaniuliza, "Mzee, kuna nini?" Nikamwambia hakuna kitu, ila nilikwenda Sirari.

Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wetu barabarani, awaponye walioumia, na atupe sisi macho ya kuona waliotugeuzia mgongo ili watufikishe tuendako. Amin.